Utafiti wa grafu wakati wa likizo ndefu: wiki nane zinakwenda wapi

Nadharia ya grafu humpokea mwanafunzi wa shahada ya kwanza haraka kuliko matawi mengi ya hisabati. Kipeo (nukta), ukingo (mstari unaounganisha vipeo viwili), jirani (kipeo kilicho upande wa pili wa ukingo), digrii (idadi ya majirani wa kipeo): ukishayajua maneno hayo manne unaweza kusoma swali ambalo halijajibiwa na mtu yeyote, na ukalielewa siku hiyohiyo. Wepesi huo ndio mtego. Swali linaloelezeka kwa sentensi moja linaweza kukaa miaka 60 bila jibu, na wiki zako nane haziongezeki kwa sababu umelipenda.

Mipango ya utafiti ya majira ya joto kwa kawaida huchukua wiki 8 hadi 10. Inayojulikana zaidi ni ile ya REU (Research Experiences for Undergraduates) nchini Marekani, inayofadhiliwa na National Science Foundation. Ule wa Duluth, Minnesota, ulioanzishwa na Joseph Gallian mwaka 1977, umetoa makala nyingi za wanafunzi kuhusu grafu. Fedha hizo za REU hulenga raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, kwa hiyo ukiwa nje soma masharti kabla ya kupoteza jioni nzima kwenye fomu. Lakini kazi hii haihitaji mpango rasmi. Inahitaji kompyuta ya kawaida, msimamizi anayekubali kukutana nawe walau mara moja kwa wiki, na swali lililochaguliwa vizuri. Hilo la mwisho ndilo linaloamua zaidi kuliko mengine yote.

Swali linalofaa

Anza kwa kujua ya kuacha. Kisio, yaani dai linaloaminika ila halijathibitishwa, kwamba kila mti (grafu iliyoungana isiyo na mzunguko) unaweza kuwekewa namba kwa mpangilio maridadi, ambapo tofauti za namba kwenye kingo hazirudiani, liko tangu miaka ya 1960 na bado liko. Kisio la Kelly na Ulam kuhusu kuijenga upya grafu kutokana na vipande vyake nalo bado halijajibiwa. Namba ya Ramsey R(5,5), yaani idadi ndogo kuliko zote ya vipeo inayolazimisha kuwepo vitano vilivyoungana vyote kwa vyote au vitano visivyoungana kabisa, inajulikana tu kuwa kati ya 43 na 46. Ukisoma kuhusu haya utafaidika, ila usiyaweke kwenye pendekezo lako.

Maswali yanayokamilika huwa na sura chache. Kuna kipimo (namba inayokokotolewa kutokana na grafu) kinachojulikana na familia ya grafu ambayo hakuna aliyeihesabia kipimo hicho. Kuna kipimo na tendo: nini hutokea kwa kipimo ukiondoa ukingo, ukizidisha grafu mbili, ukiongeza jani (kipeo chenye jirani mmoja tu) kwenye kila kipeo? Na kuna maswali ya miisho: grafu zipi zinafikia kikomo cha juu kamili, au pungufu kwa moja tu? Aina hii ya mwisho naona ndiyo bora kwa anayeanza, kwa sababu jibu lake ni orodha, na orodha inaweza kukaguliwa na kompyuta kabla ya kuthibitishwa.

Kabla ya kulikubali swali, lipitishe kwenye majaribio matatu. Unaweza kukokotoa kipimo kwa mkono kwa grafu zote zilizoungana (unazoweza kutoka kipeo chochote hadi kingine kwa kufuata kingo) zenye vipeo 4? Ziko sita tu. Kama huwezi, hujaelewa ufafanuzi. Kompyuta inaweza kukimaliza kwa grafu zote zilizoungana za vipeo 8? Na la tatu, ambalo wengi hulisahau: kuna njia yoyote inayojulikana ya kuthibitisha kikomo cha chini? Kikomo cha juu hupatikana kwa kuonyesha mfano unaofanya kazi. Kikomo cha chini kinadai uonyeshe kwamba hakuna mfano mdogo zaidi, na hapo ndipo wiki huishia.

Mfano mmoja hadi mwisho wake

Chukua mchezo wa kulazimisha rangi. Paka baadhi ya vipeo buluu, vingine viache vyeupe. Kanuni ni moja: kipeo cha buluu chenye jirani mmoja tu mweupe humlazimisha huyo awe buluu. Rudia mpaka hakuna kinachobadilika. Ikiwa grafu nzima imegeuka buluu, seti uliyoanza nayo imefaulu. Z(G) ni ukubwa wa seti ndogo kuliko zote zinazofaulu. Kipimo hiki kilienea baada ya makala ya mwaka 2008 iliyotokana na warsha ya American Institute of Mathematics, ambako kilitumika kuweka kikomo cha juu kwa kipimo kingine cha aljebra ya matriksi.

Thamani za kuanzia zinapatikana kwa kalamu. Njia yoyote ina Z = 1: anza kwenye ncha. Mzunguko una Z = 2, na grafu kamili ya vipeo n, ambamo kila kipeo ni jirani wa kila kingine, ina Z = n − 1. Kwa grafu sita zilizoungana za vipeo 4, moja ina Z = 1 (njia), nne zina Z = 2, na moja ina Z = 3 (grafu kamili). Jedwali hilo liandike na ulihifadhi, litatumika tena punde.

Kikomo cha chini cha kwanza ni rahisi. Seti yoyote inayofaulu ina vipeo angalau sawa na digrii ndogo kuliko zote katika grafu, kwa sababu kipeo cha kwanza kulazimisha ni lazima kiwe na majirani wake wote isipokuwa mmoja ndani ya seti, na chenyewe kimo humo pia. Lakini kikomo hicho hakitoshi mbali. Mchemraba una vipeo 8, kila kimoja na digrii 3, ilhali Z yake ni 4.

Sasa familia yenyewe: pembetatu k zinazoshirikiana kipeo kimoja cha katikati, jumla ya vipeo 2k + 1. Digrii ndogo ni 2, kwa hiyo kikomo kile kinasema Z ≥ 2 na kunyamaza, hata k ikiwa milioni. Kokotoa kwa k = 1, 2, 3 nawe utapata 2, 3, 4. Kisio ni k + 1.

Kikomo cha juu: paka buluu kipeo cha katikati na kipeo kimoja kutoka kila pembetatu. Kila kimoja cha hivyo vya pembeni kina jirani mmoja tu mweupe, mwenzake, na anamlazimisha. Imekwisha.

Kikomo cha chini: tazama jozi a, b ya pembetatu moja, na uchukulie vyote viwili vyeupe mwanzoni. Nani atamlazimisha wa kwanza kati yao? Majirani wa a ni b, ambaye ni mweupe, na kipeo cha katikati, ambacho kina majirani wawili weupe a na b, kwa hiyo kimefungwa mikono. Hakuna. Basi kila jozi lazima itoe angalau kipeo kimoja, na seti ina vipeo k au zaidi. Ikiwa ni k kamili, basi ni kimoja kutoka kila jozi na cha katikati ni cheupe. Kila kipeo cha buluu kinaona majirani wawili weupe na mchezo unakwama papo hapo. Kwa hiyo Z = k + 1.

Uthibitisho huo ni mfupi, na hakuna jarida litakaloupokea ukiwa peke yake. Thamani yake iko kwenye ile jozi. Jozi a, b ni mfano wa kitu kinachoitwa ngome: seti isiyo tupu F ambayo hakuna kipeo cha nje yake chenye jirani mmoja tu ndani ya F. Ngome ikiwa nyeupe yote haiwezi kuvunjwa kutoka nje, na ndani hakuna wa buluu wa kuanza. Kila seti inayofaulu lazima iguse kila ngome. Ukijua hilo, kikomo cha chini kinageuka kuwa kazi ya kutafuta ngome zisizogusana: ukipata ngome 7 zisizoshirikiana kipeo, Z ≥ 7. Swali jipya kuhusu familia ngumu zaidi sasa lina pa kuanzia. Mradi mwingi mzuri wa likizo huanza hivi, kwa kuchukua familia rahisi, kuichambua hadi mfupa, kisha kuuliza ni kipande gani cha uthibitisho kinabebeka kwenda kwingine.

Kuikabidhi kompyuta

Kosa la kawaida la wiki ya kwanza ni kuzalisha grafu kwa kupitia kila jedwali la ujirani linalowezekana. Kwa vipeo 8 kuna jozi 28, hivyo majedwali 2^28, yaani 268,435,456. Karibu yote ni nakala za grafu zilezile zilizobadilishiwa majina ya vipeo. Grafu tofauti kimuundo za vipeo 8 ni 12,346 tu, na zilizoungana ni 11,117. Usiandike programu yako ya kuzizalisha. Tumia geng, iliyo ndani ya kifurushi cha nauty cha Brendan McKay, ambacho sasa hukiendeleza pamoja na Adolfo Piperno. Amri `geng -c 8` hutoa zile 11,117, kila moja mara moja. Kwenye Debian na jamaa zake programu hiyo huitwa `nauty-geng`, jambo linalowafanya watu wadhani haikusakinishwa.

Vichujio viwekwe humohumo, si baadaye: `-b` kwa grafu za pande mbili (vipeo vimegawanyika makundi mawili na kila ukingo huvuka kati yake), `-t` kwa zisizo na pembetatu, `-d3 -D3` kwa zile ambazo kila kipeo kina digrii 3. `geng -c -d3 -D3 10` inapaswa kutoa grafu 19. Miti ina programu yake, `gentreeg`, nayo hukupeleka mbali zaidi: miti ya vipeo 10 ni 106, na hata ya vipeo 20 ni 823,065 tu, wakati grafu zilizoungana za vipeo 10 tayari ni 11,716,571 na za vipeo 11 zimepita bilioni moja. Kama kisio lako linahusu miti, hiyo ni zawadi.

Matokeo hutoka kwa mfumo wa graph6, mstari mmoja kwa kila grafu. Herufi ya kwanza ni idadi ya vipeo kuongeza 63, hivyo vipeo 8 huanza na G, na pembetatu ni `Bw`. Herufi zinazotumika ni za msimbo 63 hadi 126, na humo mna mkwaju wa nyuma, alama ya kuuliza na ile alama ya bomba ambayo kwa terminali ni amri. Ukibandika grafu kwenye terminali, izungushie nukuu moja za juu. Alama hiyo haimo kwenye mfumo, kwa hiyo ni salama daima. Kwenye Python weka r mbele ya nukuu. Nusu ya ripoti za "programu inasoma grafu vibaya" huishia hapa.

Hesabu yenyewe ya mchezo wa rangi ni fupi ukiweka kila seti kama namba moja ambayo biti ya v inaonyesha kama kipeo v kimo:

```
def sambaza(N, buluu):
    while True:
        mpya = buluu
        for v in range(len(N)):
            if (mpya >> v) & 1:
                weupe = N[v] & ~mpya
                if weupe and (weupe & (weupe - 1)) == 0:
                    mpya |= weupe
        if mpya == buluu:
            return buluu
        buluu = mpya
```

N[v] ni namba inayobeba majirani wa v. Sharti la `weupe & (weupe - 1)` hukagua kama imebaki biti moja tu. Mabano yale ya nje yanaonekana ya ziada kwenye Python, na kweli ni ya ziada. Lakini ukihamishia msimbo huu kwenye C bila mabano, `==` itafanywa kabla ya `&`, sharti litakuwa na maana nyingine, na programu itatoa namba zisizo sahihi bila kulalamika hata kidogo. Kosa la namna hii ndilo baya kuliko yote, maana programu inayokufa angalau inakuambia.

Kwa hiyo kabla ya kuamini chochote, pima kwa thamani zinazojulikana: njia 1, mzunguko 2, grafu kamili n − 1, mchemraba 4, grafu ya Petersen (grafu maarufu ya vipeo 10, kila kimoja na digrii 3) 5. Kisha ile orodha ya grafu sita za vipeo 4. Kisha hesabu ni grafu ngapi programu imesoma. Kama kwa vipeo 7 hazikuwa 853 zilizoungana, kuna mstari umemezwa mahali. Ukifanya kazi wawili wawili, kila mmoja aandike yake bila kutazama ya mwenzake, mlinganishe majibu ya vipeo 7. Saa mbili hizo huokoa wiki.

Kuhusu muda: ukijaribu kila seti, vipeo 8 vinadai majaribio 11,117 × 256, chini kidogo ya milioni 3. Python inamaliza ukiwa bado umekaa. Vipeo 9 ni 261,080 × 512, karibu milioni 134. Anza jioni, au anza na seti za ukubwa sawa na digrii ndogo na upande, ukisimama kwenye ya kwanza inayofaulu. Vipeo 10 ni bilioni 12, na hapo uende C, au ugawe kazi: `geng -c 10 0/8` hutoa sehemu ya kwanza kati ya nane, `1/8` ya pili, na kadhalika, kila moja kwenye kiini chake cha kompyuta.

Kwa grafu moja kubwa ya vipeo 40 au 60 kujaribu seti zote hakuwezekani, lakini ngome zinasaidia tena. Andika swali kama programu ya namba kamili (integer program, tatizo la kutafuta thamani ndogo kuliko zote chini ya masharti): punguza idadi ya vipeo, kwa sharti kwamba kila ngome iguswe. Ngome ni nyingi mno kuziorodhesha, kwa hiyo anza na chache. Mtatuzi, yaani programu ya kompyuta inayotatua matatizo hayo, akikupa seti, ipitishe kwenye `sambaza`. Ikikwama, vipeo vilivyobaki vyeupe ni ngome kwa ufafanuzi wenyewe. Iongeze kama sharti na utatue upya. Seti ikifaulu, umepata Z kamili pamoja na uthibitisho wake.

Ruwaza zinazodanganya

Data ndogo ina tabia ya kukubaliana na lolote unalotaka. Mfano ninaoupenda ni mchezo wa polisi na mwizi kwenye grafu: polisi wanachagua vipeo, mwizi anachagua chake, kisha wanasogea kwa zamu kupitia kingo. Ni polisi wangapi wanahitajika kumkamata? Kagua grafu zote zilizoungana hadi vipeo 9, zaidi ya robo milioni, na kila mara wawili wanatosha. Ukisimama hapo utaandika theoremu ya uongo. Grafu ya Petersen, yenye vipeo 10, inahitaji watatu, na ndiyo pekee ya ukubwa huo. Wa nne hahitajiki mpaka vipeo 19.

Gridi ni mfano mwingine. Seti tawala ni ile ambayo kila kipeo kimo ndani yake au ni jirani wa kilichomo. Kwa gridi ya m kwa n, ukubwa wa ndogo kuliko zote ni sehemu kamili ya (m + 2)(n + 2)/5, ukitoa 4. Lakini hiyo ni kweli kuanzia 16 ≤ m ≤ n. Chini ya hapo kila m ina kanuni yake. Kisio lilitolewa mwaka 1992 na kuthibitishwa mwaka 2011. Aliyekusanya data hadi m = 12 hangeiona kanuni kuu hata angekuwa na macho ya kipanga. Na mwanahisabati Tait, mwaka 1884, aliamini kwamba kila grafu ya bapa (inayochorika bila kingo kukatana) yenye digrii 3 na isiyotenganishwa kwa kuondoa vipeo viwili ina mzunguko unaopita kila kipeo mara moja. Mfano kinzani wa Tutte ulikuja mwaka 1946, ukiwa na vipeo 46. Mdogo kuliko yote una 38.

Dawa si kukokotoa zaidi tu. Kabla ya kukipenda kisio, kijaribu kwenye grafu za watukutu: Petersen, michemraba ya vipimo 3 hadi 5, grafu kamili za pande mbili, miti yenye majani mengi kwenye kipeo kimoja, grafu mbili kubwa zilizounganishwa kwa ukingo mmoja. Hifadhi ya House of Graphs imekusanya grafu zilizowahi kuvunja makisio ya watu. Ukipata mfuatano wa namba, utafute kwenye OEIS, hifadhi iliyoanzishwa na Neil Sloane, ila uwe na namba sita au zaidi. 1, 2, 4, 8, 16 ni mwanzo wa mambo mengi, likiwemo lile la kugawa duara kwa mistari ambalo linalofuata ni 31. Na ukikuta mfuatano wako upo, usivunjike moyo. Soma maelezo, mara nyingi ndiyo njia ya uthibitisho imeandikwa pale.

Kutafuta kazi zilizotangulia kuna ugumu wake: kitu kimoja hubuniwa mara kadhaa. Mchezo wa rangi uliingia pia kupitia fizikia ya udhibiti wa mifumo ya kwanta, katika kazi ya Burgarth na Giovannetti ya mwaka 2007, na una ndugu wa karibu katika utafiti wa mwaka 2002 wa kuweka vifaa vya kufuatilia mitandao ya umeme. Kwa hiyo usitafute jina tu. Tafuta makala mama, kisha pitia orodha ya zilizoinukuu, hasa za miaka mitatu ya karibuni, kwenye arXiv (hifadhi ya makala mtandaoni) sehemu ya kombinatoriki na kwenye zbMATH (faharasa ya makala za hisabati). Fanya hivi wiki ya kwanza na tena ya tano, ukiwa sasa unajua swali lako hasa ni lipi.

Mahali uthibitisho unapopasuka

Ufafanuzi kwanza. P5 ni njia ya vipeo vitano au kingo tano? Gurudumu W6 (mzunguko pamoja na kipeo cha katikati kilichoungana na vyote) linahesabu kipeo cha katikati au halihesabu? Waandishi hawakubaliani, na ukinukuu kanuni ya mtu bila kuangalia, jibu lako litakosea kwa moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tofautisha pia seti isiyoweza kuongezwa na seti kubwa kuliko zote. Katika njia ya vipeo vitatu, kipeo cha kati peke yake ni seti huru (isiyo na vipeo viwili vilivyo majirani) isiyoweza kuongezwa, lakini kubwa kuliko zote ina vipeo viwili.

Kisha uthibitisho kwa hatua (induction), unaotoka vipeo n kwenda n + 1. Karibu kila mwanafunzi huandika: "chukua grafu ya vipeo n, ongeza kipeo kimoja." Hapo umethibitisha kwa grafu zinazopatikana kwa namna uliyoongeza, si kwa zote. Mwelekeo sahihi ni kuanza na grafu yoyote ya vipeo n + 1, kuondoa kipeo, kutumia dhana ya hatua iliyotangulia, kisha kukirudisha. Na unapokiondoa, usidhani kipimo kinapungua. Z inaweza kwenda kokote kwa hatua moja: nyota yenye majani matatu ina Z = 2; ondoa jani, inabaki njia yenye Z = 1; ondoa kitovu badala yake, yanabaki majani matatu yasiyounganishwa na Z = 3. Grafu moja hiyo ndogo inaua uthibitisho mwingi ulioandikwa usiku.

Jihadhari pia na neno "ni wazi". Likitokea kwenye rasimu yako, hapo ndipo msimamizi aanze kusoma.

Daftari, mikutano, makala

Weka faili moja ambamo kila kisio kina namba, tarehe, ufafanuzi uliotumika, upeo uliokaguliwa (kwa mfano "grafu zote zilizoungana, n ≤ 9"), jina la programu iliyokagua, na hali: limethibitishwa, limevunjwa, au liko wazi. Makisio yaliyovunjwa yabaki na mfano kinzani wake kwa graph6. Bila hivyo utakikisia tena kitu kilekile wiki ya sita.

Kwenye mkutano wa wiki peleka ukurasa mmoja: jedwali, kisio, na mstari kamili ambapo uthibitisho umekwama. "Nimejaribu lakini haikubali" haimpi msimamizi pa kushika. "Nahitaji ngome ya tatu isiyogusa hizi mbili, na kwenye n = 7 haipo" inampa.

Wiki mbili za kwanza ziende kwenye kusoma na programu, na ukifika mwisho wa wiki ya tatu bila kisio hata moja lililostahimili n = 8, badilisha swali au lipunguze. Kubadilisha wiki ya sita ni kuchelewa. Kuandika kuanze wiki ya nne, hata kama ni ufafanuzi na lema moja (dai dogo la kusaidia), kwa LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi ya hisabati, michoro kwa TikZ, kifurushi chake cha kuchorea. Mchoro wa grafu uonyeshe seti ya kuanzia na mpangilio wa kulazimishana; mchoro wa vipeo vitupu haumsaidii msomaji.

Majina ya waandishi katika hisabati kwa kawaida hupangwa kwa alfabeti, na nani awe mwandishi ni jambo la kuzungumzwa mapema. Arxiv huhitaji mwandishi mgeni adhaminiwe, hivyo msimamizi ndiye hupakia mara nyingi. Majarida kama Involve na Rose-Hulman Undergraduate Mathematics Journal yanapokea kazi za wanafunzi, na makala ya kurasa 8 hadi 12 yenye theoremu moja safi ina nafasi kuliko ya kurasa 25 yenye hali maalumu kumi na saba.

Siku za mwisho, endesha programu zote upya kwenye kompyuta nyingine kutoka folda tupu. Weka pamoja na makala: msimbo, toleo la nauty na la Python, amri kamili za geng, na faili la graph6 la kila grafu iliyotajwa kwa jina. Mkaguzi wa jarida anaweza kuuliza baada ya miezi minane jinsi ulivyopata safu ya tatu ya jedwali la pili, na wakati huo utakuwa katikati ya mitihani.